Siachi Nguzo

Misima, Handeni

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, na mahindi ya huku yamebeba vizuri.

Juzi tulitengeneza laini iliyokatika. Msimamizi akaniambia, "Maryamu, umeme umezimwa, panda tu." Nikakataa mpaka tufunge waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Akanung'unika, tukafunga. Punde mwenye mashine ya kusaga akawasha jenereta lake, umeme wake ukarudi kwenye laini yetu. Waya ukatoa cheche, umeme ukaishia ardhini. Hakuna aliyeguswa.

Siku kaka Muhsin anakufa nguzoni, hakuna aliyefunga waya huo. Najua ndiyo maana unataka niache kazi. Mama, siachi. Sasa hata msimamizi hapandi mpaka nimwambie, "Tayari."

Mwanao,
Maryamu