Ruta Kuukuu Imeshinda, Mke Wangu Hajui

Mpendwa mshauri, kwa heshima na taadhima natangaza kuwa mashindano makuu ya ruta mbili za nyumbani kwetu, vile visanduku vya kusambaza intaneti, yamemalizika na mshindi amepatikana, ila mke wangu hajaambiwa, na hapo ndipo naomba msaada. Mimi ni fundi cherehani wa makamo, tumbo mbele, akili nyuma. Watoto walipohama wote nyumba ilipoa, tukawa tunapishana kama wapangaji, ndipo nikanunua ruta mpya, nikaitoa na ile kuukuu kabatini, nikazifuta zote programu za kiwandani na kuzitia programu moja huria, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure, ili zishindane kwa haki. Basi kila jioni nikitoka dukani mimi nabadilisha ruta sebuleni, mama watoto anatembea na simu, jikoni, chumbani, uani, ananisomea kasi ya intaneti, "Arobaini na mbili, baba watoto," na sauti yake inaelea chumba hadi chumba kama harufu ya nguo iliyopigwa pasi, nami nasinzia macho wazi nikiona mtandao ukipenya kuta kama ukungu. Kuukuu ilishinda zamani, hata uani. Lakini nikisema, atarudi kwenye kimya chake, kwa hiyo namwambia kuta zinadanganya, tupime tena. Nifanyeje?

Fundi Sindano Butu

Fundi,

Pole. Nyumba iliyohamwa na watoto ina mwangwi wake, naujua. Ila mkeo si mnara wa simu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno lake, nimekuta tarakimu tupu. Hayo si mazungumzo, baba, ni utabiri wa hali ya hewa. Iache kuukuu ifanye kazi, mpya mpelekee mwanao. Leo hii mwambie mkeo ukweli, umwombe radhi, kisha umuulize habari zake. Na ukishauliza, funga mdomo usikilize.

Mshauri, nilimwambia. Ningependa kuandika kwamba alicheka. Hakucheka. Aliiweka simu mezani, akasema polepole, "Goti linaniuma tangu watoto waondoke, nawe unanizungusha uani."

Sikuwa najua. Nikamletea kiti, nikakaa sakafuni karibu yake, nikamuuliza linauma vipi. Akanieleza, akapitiliza hadi mambo mengine, mpaka giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Kesho sifungui duka. Nampeleka hospitali.