Zinatutosha

4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba ya ile shikamoo ya barua yako iliyopita. Mimi mzima, ila magoti yananisema. Wewe hujambo? Unakula, au unakodolea macho wadudu wako huko maabara mpaka njaa inakukimbia?

Anayeandika ni fundi cherehani jirani yangu, kama kawaida. Nimemwambia aandike ninavyosema. Mapambo aweke kwenye magauni.

Kifua kikuu changu kinatoka taratibu. Nesi ananipa vidonge vya mwezi mzima, vinamezwa asubuhi kabla ya chai. Bibi yako mdogo, huyu mdogo wangu, amehamia kwangu tangu mwaka mpya. Bado anasuka watu pale barazani, na mdomo wake bado haujapata breki. Ana kikohozi, anasingizia moshi wa jiko langu. Nilimwambia twende hospitali, dirisha la kifua, ninapochukulia vidonge. Akasema, "Dada, nikionekana pale, nani ataniletea kichwa chake nisuke?" Basi.

Umeuliza kama utume dawa. Usitume. Dawa zinatutosha.

Bibi yako


20 Februari

Bibi yangu, shikamoo,

Mimi sijambo, na nakula, usiniapize. Nimefurahi kusikia dawa zinakutosha.

Unaniuliza kila mara kazi yangu ni kazi gani. Ni hii: nafuga wadudu wa magonjwa kwenye visahani, halafu nawawekea dawa. Dawa ikiwa kamili, wanakufa wote. Ikiwa pungufu, wanakufa wanyonge, anabaki mmoja mbishi. Huyo anazaa, na watoto wanamfuata yeye. Baada ya muda kisahani kizima ni ukoo wake, na ile dawa wanaogelea ndani yake. Ni kama wewe na maharage ya mbegu: dhaifu unatupa, gumu unapanda, mwaka unaofuata shamba zima ni maharage magumu. Wadudu wa namna hiyo tunawaita sugu.

Kwa hiyo usiruke hata siku moja. Na umwambie Bibi Mdogo kwamba moshi haukohozwi mwezi mzima. Aende akapimwe.

Mjukuu wako


11 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo. Leo sina utani.

Bibi yako mdogo amelazwa chumba cha peke yake nyuma ya hospitali, tunaongea kupitia dirisha la kioo. Alitema damu kwenye nywele za mteja. Walipopima makohozi yake wakasema wadudu wake ni sugu, dawa ya kawaida haiwafanyi kitu. Wakanipima na mimi. Safi. Daktari akaniuliza, "Mama, huyu alikuwa anatumia dawa ya nani?" Nikaangalia viatu vyake.

Ni yangu. Tangu Januari. Siku moja mimi, siku moja yeye. Ningefanyaje? Huyu nilimbeba mgongoni mama yetu alipokufa. Chakula changu nimekigawa naye tangu hana meno. Nikagawa na dawa. Akapata nafuu, akanenepa, akaanza tena kunitukania jiko langu.

Fundi aliponisomea yale ya maharage nilisema, huyu mtoto anasomea mambo niliyoyajua kabla mama yake hajazaliwa. Sikujua kwamba ni mimi ninayesemwa.

Sasa nijibu, usinipake mafuta. Ni mimi niliyewapanda? Na kwa nini kwake, si kwangu? Hilo la pili ndilo analouliza yeye kila ninapokwenda.

Bibi yako


30 Juni

Bibi yangu, shikamoo. Mpe pole Bibi Mdogo, na wewe pia pole.

Nianze na lile analouliza yeye. Ni bahati. Wadudu wanapozaana kwa mamilioni, mara moja moja anazaliwa mmoja tofauti, kwa kosa dogo la kunakili, kama fundi anayehamisha kipimo toka daftari hadi kitambaa akakosea alama moja. Hakuna aliyemtuma, wala dawa haikumgeuza. Angeweza kuzaliwa kifuani kwako. Alizaliwa kifuani kwake.

Sasa lako. Huyo mmoja asingefika popote. Dawa kamili ingemmaliza pamoja na wenzake. Dawa ya leo ndiyo, kesho hapana, iliua wenzake ikamwachia kifua kizima azae. Ndiyo, Bibi. Mlimpalilia.

Na mimi nimo. Nimeitoa barua yako ya Februari. Uliandika "zinatutosha". Mimi nikakujibu "zinakutosha". Kazi yangu ni kuona vitu vidogo, na hicho sikukiona.

Mjukuu wako


9 Agosti

Mjukuu wangu,

Mwili sijambo.

Barua yako ilifika siku ya kumwona mgonjwa, nikaenda nayo na fundi. Bibi yako mdogo aliiona akagonga kioo. "Msomi wetu anasemaje? Nani kaniloga?" Fundi akasoma kwa sauti: bahati, kosa la kunakili, hakuna aliyemtuma. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ni fundi kakosea kipimo! Nilijua tu, huyu hata sketi yangu aliiharibu." Fundi akafungua mdomo aendelee. Nikamkanyaga mguu. Nikasema barua imeishia hapo.

Nilimpa nusu, kama siku zote. Nusu ya pili nilisomewa nyumbani, mlango umefungwa.

Alikufa Alhamisi iliyofuata. Dawa kali walizompa zilikuta kifua kimeshaliwa. Wateja wake wawili wanakohoa. Nimewapeleka dirishani mwenyewe, nimewashika mikono kama wezi, na kila asubuhi nasimama mlangoni kwao mpaka nione kidonge kimeshuka kooni.

Umeandika kwamba na wewe umo. Umo. Ningekuwa si bibi yako ningekudanganya. Umesoma mpaka macho yakadai miwani, ukapitwa na herufi moja. Nimekukasirikia sana. Na ule vizuri.

Maharage ya mbegu mwaka huu nimechambua peke yangu. Kila gumu nililoliweka pembeni, mkono ulitaka kulirudisha.

Najua utataka kutuma vitu vya nyumbani. Usitume. Kilichopo kinanitosha. Nimemwambia fundi aandike hilo polepole, kwa herufi kubwa, ulisome lilivyo.

Bibi yako