Filamu Nilizofasiri Bila Wewe

Kwako yaya Paluku, kaka yangu mkubwa, popote ulipo,

Nimetazama filamu nne tangu Pasaka, nami nakuandikia maoni yangu kwa kuwa hapa Butembo hakuna mwingine wa kubishana naye. Mimi si mtaalamu. Jumapili baada ya ibada nakaa na mama, tunafungua kompyuta, tunaona muuzaji wa sokoni ametupakilia nini.

Ya kwanza ilikuwa ya Kinaijeria. Mchungaji ana wake wawili na hakuna anayejua, isipokuwa sisi watazamaji tuliojua tangu dakika ya tano. Saa mbili nzima watu wanafungua na kufunga milango ya magari. Ya pili ilikuwa ya mapenzi, ya Kikorea. Wapendanao walishikana mikono zikiwa zimebaki dakika kumi, na mama akauliza, "Lakini hawa banaoanaka siku gani?" Hiyo ilinipendeza kuliko nilivyotegemea. Ya tatu ilikuwa ya vita, mizinga mitupu. Mama alilala, wala simlaumu. Huku kwetu milio hiyo husikika bure, bila kununua filamu.

Lakini shida si filamu. Shida ni kwamba ulimharibu mama. Unakumbuka ile sinema ya mtaani, benchi za mbao, nawe umesimama kando ya televisheni na mikrofoni, ukitufasiria? Kiingereza chako kilikuwa cha mpakani, cha kuuliza bei na kuaga. Ulipokwama ulibuni. Na kila mtu wa kwenye filamu ulimpa jina la Kinande kwa kufuata yeye ni mtoto wa ngapi kwao, kama tunavyoitana sisi: Mchina mwenye kaka wawili, yaani wa tatu, alikuwa Kasereka, Mwamerika kifungua mimba alikuwa Paluku kama wewe. Nilikuambia siku moja kwamba yule Mchina hakuwa na kaka, wale walikuwa majirani zake tu. Ulinijibu: "Masika, mutu mwenye haujue ni wa ngapi kwabo, utamulilia namna gani?"

Sasa mama hawezi kutazama filamu bila hilo. Mtu akitokea tu, ananigusa goti: "Ule ni wa ngapi kwabo?" Nami, mwalimu mzima wa darasa la nne, nakaa nikiwapangia Wakorea uzazi wao. Mama ameniambia wazi kwamba sikufikii, na ni kweli.

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Mwanamke mjane ana wana wawili. Mkubwa anaondoka kwenda kununua ng'ombe mbali. Nilikuwa nimekwisha kuitazama peke yangu siku moja kabla, nikaujua mwisho wake. Ilifaa niifiche. Badala yake nilijidanganya kwamba nitaifasiri kwa ujanja wako. Kijana alipofunga mzigo wake, mama akanigusa goti. Nikasema ni Kasereka.

"Usinidanganye," alisema. "Bako tu babili, na huyu ndiye mukubwa. Ni Paluku."

Wewe pia uliondoka hivyo, kununua kakao upande wa Kamango, ukasema ni juma moja. Misimu miwili ya kakao imepita. Barabara ile unaijua; watu hupotea huko, na sisi hatujaletewa wewe wala habari zako. Neno kufa mama hajalitamka hata mara moja, nami sijalitamka. Tunasema uko safarini. Nakukosa, yaya. Naandika haya bila kulia, lakini nakukosa.

Tuliendelea kutazama. Mjane anasimama mlangoni, mvua zinakuja na kwisha, nywele zake zinageuka nyeupe. Filamu nzuri, ingawa ile rangi ya nywele waliizidisha. Karibu na mwisho mama akanigusa goti tena.

"Huyu Paluku, atarudia ao hapana?"

Wewe ungemrudisha. Ungempandisha pikipiki na mizigo ya zawadi, hata kama televisheni inaonyesha kaburi, na ukumbi mzima ungepiga makofi. Mimi nilifungua mdomo ili nimrudishe. Mama alikuwa ananitazama mimi, si kompyuta.

"Hapana, mama," nilisema. "Hatarudia."

Aliitikia kwa kichwa. Filamu ilipokwisha akasema, "Basi tuombee mama yake." Tukainama. Alimwombea kwa Kinande, polepole, mwigizaji ambaye pengine wakati ule alikuwa kwake anakula. Kisha sala yake ikapita kwa wagonjwa, kwa wafiwa, kwa walio safarini, kama afanyavyo kila jioni. Kati ya walio safarini jina lako ndilo hutangulia. Siku ile hakulitaja. Jana pia hakulitaja.

Aliyefasiri ni mimi. Kama nimekosea, rudi unikosoe mbele yake.

Mdogo wako anayekufuata,
Masika