Chumba Chekundu cha Uani

Nairobi, 8 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti laendeleaje? Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu.

Ahsante kwa vipimo. Ofisini walicheka niliposema umepima kuta kwa futi ya kushonea, lakini hukukosea hata inchi. Sasa nyumba yetu ya Mishomoroni nimeijenga yote ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, kila kitu kwenye faili lake, kama ninavyowapangia wateja wanaotengeneza nyumba zao upya. Nimemtumia fundi Karisa, atakuonyesha kwenye simu.

Niambie, dirisha la chumba chako cha uani lielekee wapi? Na choo tukitoe kizingiti, usijikwae?

Mwanao,
Aqil

Mishomoroni, 13 Julai 2025

Mwanangu Aqil,

Marahaba. Goti ni lile lile, nikiinuka lalia, nikikaa lalia. Alhamdulillahi.

Dirisha lielekee kisimani nipate upepo. Kizingiti kitolewe, Mungu akuweke. Tangu babako atutoke akaniachia wewe wa miaka mitatu, hakuna aliyeniuliza nataka nini ndani ya nyumba hii. Nimelia, nisikufiche.

Karisa amenionyesha. Mashallah, waigeuza nyumba kwa kidole kama chapati! Lakini we Aqil, mbona chumba changu umekipaka nyekundu? Kwani mimi nauza soda? Nipakie rangi ya maziwa.

Shangazi yako

Nairobi, 29 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Rangi zisikushughulishe, ni mambo ya kompyuta tu.

Karisa ataanza Jumatatu. Nenda ukapumzike kwa rafiki yako Bi Kafedha kule Chaani, vumbi lisikudhuru. Chukua vitu vyako vyote, usibakishe kitu.

Mwanao,
Aqil

Mishomoroni, 3 Agosti 2025

Aqil,

Sikuulizi hali leo.

Karisa alikuja asubuhi kuangalia kazi ya kesho. Nikamwambia, nyekundu usiipake, mwenyewe siitaki. Akanitazama, maskini, akaona haya. "Bi Mwanatabu, hii si rangi ya kupaka. Kijivu chabaki. Kijani chajengwa. Nyekundu chavunjwa."

Nikamwambia afungue yote. Kuna faili umeliita "Uwanja wa gari", na wewe mpangaji hodari, kila faili umeliandika tarehe. Tarehe mosi Julai chumba changu kilikuwa kishafutwa. Tarehe nane ukaniuliza dirisha lielekee wapi. Dirisha la nini, Aqil? La gari? Na gari lenyewe huna!

Mimi na goti hili bovu nikatambaa chini ya kitanda nikishika futi, kumbe najipimia kufukuzwa. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumba ni ya babako, yako wewe. Sijapata kusema ni yangu. Ungeniambia, "Shangazi, nataka nafasi," ningelia siku mbili, nikafunga mzigo, nikakuombea dua. Lakini umenichekea, ukaniacha nichague upepo. Wallahi hilo limeniuma kuliko kuvunjiwa.

Shangazi yako

Nairobi, 5 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo,

Nimesoma barua yako. Ni kweli yote. Nimechumbia, na wakwe walisema nyumba haina pa kuweka gari la wageni. Nikaona aibu kwao, nikaogopa macho yako. Kila nilipotaka kusema, nikakuuliza habari ya dirisha. Nilidhani ukishazoea Chaani hutauliza.

Nimelifuta lile faili. Chumba chako nimekirudisha kama kilivyokuwa, kijivu, chabaki. Nampigia Karisa asimamishe kazi, simu haishiki. Nakuomba unijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Aqil

Chaani, 22 Agosti 2025

Aqil,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba sina.

Karisa usimlaumu. Alisimama mlangoni Jumatatu ile hataki kuingia, akasema tungoje kwanza nizungumze nawe. Nikamkabidhi funguo mwenyewe, nikamwambia mwenye nyumba ameshaagiza. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na ukuta. Barua yako uliiandika kesho yake, Jumanne.

Kafedha amenipa kona ya chumba cha wajukuu wake. Nashona, nala, nalala. Harusi nakutakia heri, sitakuja.

Hicho chumba ulichonirudishia kimo ndani ya kompyuta. Kalale humo wewe.

Mwanatabu binti Omari