Fito za Mkole Ndani ya Bani

Mtendeni, Tabora
2 Aprili 2024

Shemeji Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima, na dada yako Yustina ananenepa kwa kunicheka. Nyuki hawajambo? Ukiwa porini na mizinga simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia.

Shemeji, nimechaguliwa. Mimi na kitambi changu tumo kwenye timu ya upinde ya kata, mashindano ya Saba Saba. Ila nahodha Sabiri kanipa sharti: nikikosa shabaha kama mwaka jana, nafasi yangu anapewa Yustina, ambaye hunishinda hata tukilenga mapapai nyuma ya nyumba.

Jana nimekata fito za mkole kwa ajili ya mishale, bado zinatoa maji. Nimezipakia kwenye basi pamoja na barua hii. Zitie kwenye bani lako la kukaushia tumbaku, zikauke upesi.

Shemejio,
Leodgar


Sikonge
20 Aprili

Shemeji mwenye kitambi,

Milele amina. Nyuki wazima, wanakuulizia. Hawajasahau ulivyowakimbia kabla hujaufikia mzinga.

Nilitia bani nusu tu. Moto umekausha nje, ndani maji yamebaki, basi zimepasuka na kupinda. Umeniletea mishale, nakurudishia pinde.

Nusu nyingine nimeifunga kitita, kamba imekaza. Itundike chini ya paa, kivulini, mbali na jiko, na usiwe na haraka. Kabla ya kutia vigumba vya chuma kwenye ncha, weka ufito shavuni. Ukisikia ubaridi, bado una maji.

Halafu usisahau: atakayeshinda huko anakuja kupambana na Sikonge, na mimi nimo.

Shemeji yako,
Wilbroad


Mtendeni
16 Juni

Shemeji,

Habari za mavuno? Sisi hatulali kwa hamu.

Leo nimefungua kitita. Shavu langu halikusikia ubaridi wowote. Yustina akajaribu, akasema fito bado, na kwamba shavu langu limejaa mafuta, haliwezi kuwa shahidi. Tumegawana. Zangu nimeshatia vigumba na manyoya, nimezianika juu ya bati. Zake kazifunga tena, kazirudisha kivulini. Tutaona.

Shemejio,
Leodgar


Mtendeni
9 Julai

Shemeji,

Salamu kwa wote. Naandika kwa sababu sauti imenikauka.

Mishale yangu ilikuwa imenyooka siku ya kuitengeneza. Kufika Saba Saba, kila mmoja umeelekea kwao. Wa kwanza uliacha shabaha, ukazunguka, ukatua kwenye sufuria ya pilau. Bi Tunu, mpishi wetu, akauchomoa, akaniuliza kama nahitaji na kachumbari. Wa pili sitausimulia.

Sabiri akasema, "Mzee Leodgar, kaa chini. Yustina, njoo."

Nikakaa. Dada yako akaja na mishale yake, iliyonyooka kama uzi. Wa kwanza katikati. Wa pili ukausugua wa kwanza. Shemeji, uwanja mzima ulisimama, na aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi. Nilimbeba begani mpaka mgongo ukakataa. Tumeshinda.

Tunakuja kwenu Agosti, mimi nikiwa mbeba mishale. Yustina anasema usimwonee huruma kwa kuwa ni dada yako, maana yeye hana mpango wa kukuhurumia.

Mume wa mshindi,
Leodgar