Kwa Baba, Askari wa Nishani ya Mfalme

Baba yangu mpenzi,

Ulitusimulia mpaka tukachoka jinsi habari ilivyofika kambini kwenu polisi, Lindi: Mfalme wa Uingereza ameanzisha nishani ya polisi na wazima moto wa makoloni yake, kwa atakayetumikia miaka mingi bila doa. Wenzako wakacheka. "Wazima moto gani, na moto wa Lindi tunauzima sisi wenyewe kwa ndoo?" Wewe hukucheka. Uliitaka nishani ile, ukaisubiri miaka na miaka, ukaipata.

Siku ya gwaride tuliambiwa tunyamaze kabisa. Mzungu alipokubandika ile fedha kifuani, mama akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele, uwanja mzima ukageuka. Ulibana midomo usicheke, lakini niliuona mkanda wa kofia ukitikisika kidevuni. Nilikupenda sana siku ile.

Uhuru ukaja, ukastaafu. Miaka ya ujamaa tukahamishiwa kijiji kipya upande wa Tingi, nyumba zimepangwa mstari, na nyumba ya pili akapewa Mzee Mbonde. Kati ya watu wote, yeye! Ndiye uliyemkamata zamani kwa kodi ya kichwa, ukamfunga kamba mikononi, ukamtembeza kwa miguu mpaka Kilwa. Alipotoka jela alikuta mtama wake umeliwa na nguruwe, na wanawe wamekonda kwa njaa.

Saba Saba ya kwanza pale kijijini ulivaa nishani yako. Mama alikuonya, "Vua hiyo, baba Somoe, wenzio wanakutazama."

"Nimeitolea jasho," ukamjibu.

Nilikukasirikia, Baba. Jasho lilikuwa lako, kweli, lakini mikono iliyofungwa ilikuwa ya mwenzio. Nadhani nawe uliliona hilo njiani kurudi nyumbani, kwa sababu hukuivaa tena. Badala yake ukaanza kumsalimu. Kila asubuhi ulisimama uani, "Asalaam aleikum, jirani," naye akaendelea kunoa jembe lake kana kwamba amepita kuku. Masika yakaisha, kiangazi kikaisha. Nikakwambia uache kujidhalilisha.

"Kutoa salamu ni juu yangu, mwanangu," ulisema. "Kuitikia ni juu yake."

Ulipougua ndipo nilipoijua hofu yako. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Somoe, siku ya mazishi yangu, shehe akiwauliza watu habari zangu, Mbonde atasema nini?" Mimi mwenye maneno mengi sikuwa na jibu.

Sasa ninalo, ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa ndani na wanawake jeneza lako lilipowekwa barazani. Shehe akauliza, "Jamani, mnamshuhudia vipi marehemu?" Unajua watu wetu, huitika papo hapo kwamba ni mtu mwema, hata kwa mwizi wa kuku. Siku ile walinyamaza. Wote walikuwa wakimngoja mtu mmoja.

"Huyu alinifunga kamba," alisema Mzee Mbonde. "Sijasahau, wala sitasahau."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilichungulia dirishani. Mzee alisogea mpaka kwenye jeneza, akainama karibu na kichwa chako, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Waaleikum salaam, jirani."

Ndipo baraza zima likaitika kwamba ulikuwa mtu mwema.

Pumzika, Baba. Umeitikiwa.

Binti yako,
Somoe