Aliyemchinja Mbuzi Wetu wa Krismasi

Kinyerezi,
26 Desemba.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na mvua za huko Bukoba? Na kaka Gaudens, bado anakuzimia redio kabla ya matangazo ya vifo? Sie huku wazima, ila watoto wametoka vipele vya joto. Barua hii anakuletea Gibson wa shangazi, anapanda basi kesho alfajiri. Utasema simu ipo, ya nini kuandika. Simu unaiwekaga spika, Mama, na haya si ya kusikiwa na nyumba nzima.

Nianze na kioja. Unajua mbuzi wetu wa Krismasi huchinjwa na Mzee Kondo, jirani yetu wa ukuta mmoja, ili sahani za pilau zikitoka ziliwe kila mlango, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Mwaka huu hatukuwa naye. Tangu masika, majitaka yalipoingia jikoni kwake na akamwambia mume wangu Brightson usoni kwamba ndiye aliyefungulia shimo la choo mvua ikinyesha, nyumba hizi mbili hazisalimiani. Brightson aliapa mbele ya balozi wa nyumba kumi, mkono juu ya Biblia, kwamba hajafungua wala hajamtuma mtu. Wewe mwenyewe ulisema wale ni wakorofi, na kifurushi chako cha mwisho hukuweka kahawa ya kutafuna ya Bi Zubeda, mke wa mzee.

Basi tukapatana na Farhan wa duka la kona aje atuchinjie saa nne, tukishatoka misa. Tukamfunga mbuzi kwenye nguzo ya tangi la maji, geti tukalirudishia komeo, tukaenda kanisani wote. Tunarudi, Mama, mbuzi ananing'inia kwenye mpera! Keshachunwa, kafunikwa chandarua nzi wasimguse. Damu imefukiwa kwenye kishimo, na mchanga umesawazishwa kwa kiganja. Nikapiga yowe. Brightson alikimbilia kuhesabu kuku, akawakuta wote.

Tulipompigia Farhan alisema ndiyo kwanza anafunga duka aje, na kisu chake hakijatoka kwenye ala. Brightson akasema basi tupike, nyama ni nyama. Nikakataa. Majirani wale hula kwetu kwa kutuamini, sasa wakiniuliza nani kachinja niwajibu malaika? Nikasema haitoki hata sahani moja mpaka nimjue mwenye mkono ule. Unanijua mwanao, nikiwa na jambo sijalijua hata mate hayashuki.

Nikafunga kanga juu ya gauni la kanisani, nikapita mlango kwa mlango kama karani wa sensa. Wengi walinicheka tu. Mama Farida, yule muuza vitumbua wa nyuma yetu, alisema hakuona mtu, ila alisikia bismillahi ng'ambo ya ukuta, sauti ya mtu mzima, kisha kikohozi kirefu. Kikohozi hicho nakijua, Mama. Miaka kumi na moja nakisikia kila alfajiri. Nikaikaza kanga upya, maana kwa Mzee Kondo sijakanyaga tangu Aprili.

Bi Zubeda alinifungulia, hakunikaribisha, akanionyesha uani kwa kidole. Mzee alikuwa anasuuza kisu. Kabla sijatia neno aliniuliza kama chandarua kimestahimili upepo. Kisha akanieleza kwamba alimsikia mbuzi akilia tangu juzi na moyo ukamkatalia kuacha mwingine amchinje. Tena kulikuwa na la zaidi. Alisema amekaa miezi minane akikifikiria kile kiapo, na mtu hawezi kushika Kitabu chake vile kwa uongo, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsingizia mwenzake. Aibu ilimzuia kusema, ndiyo maana alikuja tukiwa hatupo. Akaniomba nimpelekee Brightson samahani yake.

Mama, kaa chini kwanza. Brightson aliapa kweli. Siku ile ya mvua alikuwa safari ya kikazi Mtwara. Shimo lilikuwa limejaa, wageni wa ubatizo wanakuja, na gari la maji taka lilikwama kwenye tope. Mimi, Avelina wako, ndiye niliyewaita vijana waweke bomba na kufungulia, nikidhani mvua itapeleka mtaroni. Yakaingia jikoni kwa watu. Mume wangu alipokuwa anaapa nilikuwa nimesimama pembeni yake nikimshikia kofia, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka jana.

Nilimwambia mzee yote, palepale uani, nikilia kama mtoto. Alikohoa, akamwomba Bi Zubeda kofia yake. Akanitangulia mpaka kwetu. Alimwambia Brightson: mkeo ana neno, lisikilize ukiwa umeketi, nami sitoki hapa mpaka umalize kukasirika.

Alikaa mpaka jioni, Mama. Brightson alitoka, akarudi, akatoka tena. Pilau niliipika na sahani zilienda milango yote, lakini mume wangu hakula. Leo asubuhi nimewakuta wawili wale wanachimba mtaro kati ya nyumba zetu, mmoja ana sururu, mwingine chepe. Nikapeleka chai. Brightson hajanitazama bado. Lakini kikombe alikipokea, akasema cha mzee niongeze sukari.

Niombee. Nawe lile neno la ukorofi ulifute, wakorofi hawako kwao. Gibson akirudi mpe kahawa ya Bi Zubeda, tena nyingi. Wajukuu wanakuamkia, nisalimie wifi na wote wa nyumbani, na magoti uyakande kila jioni.

Mwanao akupendaye, aliyekosa,
Avelina.